Kuigiza wema kabla hujawa mwema: Ni unafiki au ni malezi ya nafsi?

KATIKA mambo yanayowazuia Waislamu wengi wa mijini kurekebisha mwenendo wao, sidhani kama kutojua halali na haramu ndiko kunakotangulia. Watu wetu wanajua. Darsa zipo, redio zipo, na siku hizi mawaidha yanatufuata mpaka mfukoni kwa njia ya simu. Kinachowazuia wengi ni hoja moja ambayo kwa sura yake ni ya uchamungu kabisa. Wanasema: "Sitaki kuwa mnafiki."

Kijana anaambiwa aanze kuswali, anajibu kwamba moyo wake bado haujawa tayari, na akianza sasa atakuwa anaigiza tu. Dada anakumbushwa kuhusu stara, anajibu kuwa hataki kuvaa vazi linaloonyesha uchamungu ambao hana. Baba ambaye nyumba nzima hunyamaza anapoingia anasema, "Mimi ndivyo nilivyo, siwezi kujifanya mpole." Mwenye duka aliyezoea kuwatolea lugha chafu vijana wake wa kazi anasema angalau yeye hana sura mbili.

Nimeisikia hoja hii mara nyingi kiasi cha kuona kwamba inastahili kuchunguzwa badala ya kukemewa tu. Anayeitoa si lazima awe anaidharau dini. Huenda anauheshimu ukweli kuliko baadhi yetu tunaomkemea. Lakini hoja ikiachwa ilivyo matokeo yake ni mazito: kijana atangoja moyo uwe tayari mpaka nywele ziwe nyeupe, na watoto wa yule baba watakua wakimwogopa mtu ambaye kwa fikra zake anawafanyia ukweli.

Basi swali ni hili: mtu anayetenda tendo la mpole ilhali ndani yake bado hasira inachemka, ni mnafiki au ni mwanafunzi? Na je, inafaa mtu ajitengenezee picha ya nafsi yake akiwa bora kuliko alivyo, kisha aiige picha hiyo mpaka iwe tabia yake?

Mnafiki ni nani?

Tuanze na neno lenyewe, maana tumelizoea mpaka tunalitumia ovyo. Mnafiki anayezungumzwa katika Qur'an ni mtu anayedhihirisha kheri na kuficha kinyume chake kwa lengo la kuhadaa. Sura ya Al-Baqara, mwanzoni kabisa, inawaeleza kuwa ni watu wanaotaka kumhadaa Allah (s.w) na wale walioamini, kumbe wanajihadaa wenyewe. Hapo pana mambo matatu: pana watu wanaotakiwa kudanganywa, pana ubaya uliofichwa ambao mwenyewe ameridhika nao, na hapana nia yoyote ya kuuondoa.

Sasa mchukue yule baba. Amerudi nyumbani amechoka, amekuta mtoto amevunja glasi. Hasira imempanda, lakini akakaa chini, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lete ufagio tufagie." Ndani anatokota. Je, amemhadaa nani? Hajaridhika na hasira yake, ndiyo maana anapambana nayo. Yaliyo nje anayataka yashuke ndani. Kwa mnafiki, tendo jema ni pazia la kuficha. Kwa huyu, tendo jema ni nyundo ya kufulia chuma. Ukiyatazama kwa mbali yanafanana. Ukiyakaribia utaona yamepeana mgongo.

Hata masahaba walipitia hofu hii. Katika Sahih Muslim imo habari ya Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w), aliyekutana na Abubakar na kumwambia kuwa yeye Hanzala amekuwa mnafiki. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba wakiwa mbele ya Mtume hukumbushwa Pepo na Moto kana kwamba wanaviona, lakini wakirudi kwa wake na watoto na mashamba husahau mengi. Abubakar naye akakiri kuwa hayo hayo yanampata. Wakaenda kwa Mtume (s.a.w). Hakuwaambia kuwa ni wanafiki, wala hakuwaambia waache kuhudhuria mpaka mioyo itulie. Aliwafahamisha kwamba lau wangedumu katika hali ile muda wote, malaika wangewapa mikono majiani na vitandani mwao. Lakini mwanadamu ni saa hivi na saa vile.

Kwa hiyo pengo kati ya tulivyo na tunavyotaka kuwa si unafiki. Ni hali ya mwanadamu. La kuulizwa ni pengo hilo tunalifanyia nini.

Kokwa ya tende na mwandiko wa fundi

Wapo watakaosema kuwa tabia ni kama ngozi, haivuliki. Na wengine watakuja na methali kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, na wao wameshakauka. Hoja hii Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 (sawa na 505 Hijria), aliijibu zaidi ya miaka 900 iliyopita katika kitabu chake kikubwa, Ihyaa Ulumid-Din, kwenye mlango unaohusu kuilea nafsi. Anasema lau tabia zingekuwa hazibadiliki, mawaidha, nasaha na adabu zote zingekuwa kazi bure. Tena anauliza, vipi tuwakanushie binadamu jambo ambalo hata kwa wanyama tunaliona? Kipanga wa porini hufundishwa akaizoea mikono ya watu. Mbwa mlafi hufundishwa akakamata windo na asilile. Farasi mkaidi hulainika.

Kisha anatoa mfano ambao mtu wa pwani ataufahamu upesi. Kokwa ya tende si mtende, wala si mtofaa. Lakini imeumbwa kwa namna ambayo ikitunzwa itakuwa mtende. Haitakuwa mtofaa hata ukiitunza vipi. Ndivyo zilivyo hasira na matamanio: hatukuamrishwa tuyang'oe yasiwepo kabisa, na hatuwezi. Tumeamrishwa tuyalee na kuyaongoza.

Yanaleaje basi? Hapa ndipo Ghazali anapogusa swali letu. Anasema anayetaka kuwa mkarimu, na nafsi yake ni bakhili, ajilazimishe kutenda matendo ya wakarimu. Atoe huku inamuuma, aendelee hivyo mpaka kutoa kuwe tabia yake na kukome kumuuma. Mfano wake ni wa mwandiko. Anayetaka kuwa bingwa wa hati hana njia ila auchukue mwandiko wa fundi na kuufuatisha kwa taabu, siku baada ya siku, mpaka mkono wake wenyewe utoe herufi nzuri bila kujilazimisha. Tuliosoma chuoni tunalijua jambo hili. Mwalimu aliandika alifu ubaoni, nasi tukafuatisha. Alifu zetu zilikuwa zimepinda kama ndoano. Hakuna mwalimu aliyetuambia tunaigiza tu kuandika, tungoje mpaka tuwe waandishi ndipo tushike kalamu.

Na jambo hili Ghazali hakulizua. Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) anafahamisha kuwa mwenye kujitia subira, Allah humpa subira. Wajuzi wa Kiarabu wataona kuwa neno lililotumika hapo lina maana ya kujikalifisha, yaani kujibebesha subira ambayo bado si yako. Tendo la kujilazimisha limetangulia, kipawa kimefuata. Kijana anayengoja kipawa kije kwanza amegeuza mpangilio.

Walichokiona watu wa saikolojia

Sasa nitoke msikitini kidogo niende maabara, maana kuna jambo huko linaloufanya mjadala wetu uwe mkali zaidi.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefariki mwaka 2021, ndiye aliyesambaza sana fikra kwamba binadamu hujifunza mwenendo kwa kuwatazama wengine. Majaribio yake maarufu ya mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, yalionyesha watoto wakimwiga mtu mzima waliyemwona akilipiga na kulitusi sanamu la mpira. Katika kazi zake ilibainika pia kuwa mtu huvutika zaidi kumwiga yule anayemwona anafanana naye.

Wengine wakajiuliza: ikiwa kufanana kunasaidia, nani anafanana na mtu kuliko mtu mwenyewe? Mwaka 1970 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Creer na Donald Miklich, walichapisha taarifa ya mtoto wa miaka 10, mgonjwa wa pumu, ambaye mwenendo wake na wenzake ulikuwa na matatizo. Walimrekodi kwenye mkanda wa video akiigiza mwenendo mzuri, kisha wakamwonyesha mkanda huo. Kuigiza peke yake hakukuleta tofauti. Tofauti ilikuja alipojitazama. Baadaye Peter Dowrick, ambaye kazi yake ilianzia New Zealand, aliiendeleza njia hii kwa miaka mingi. Tuiite njia ya kujiiga: mtu anakuwa kiigizo cha nafsi yake.

Njia hii ina sura mbili. Ya kwanza ni kukusanya zile nyakati chache ambazo mtu alifanya vizuri, kuondoa yale mabaya, na kumwonyesha mazuri tu. Ya pili ndiyo yenye utata. Chukua mtoto anayezungumza vizuri nyumbani lakini darasani hafungui kinywa kabisa. Wanamrekodi mwalimu akiuliza swali darasani. Wanamrekodi mtoto akijibu swali hilo hilo anapoulizwa na mama yake. Kisha wanaunganisha vipande. Mtoto anajiona kwenye video akimjibu mwalimu wake mbele ya darasa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Wapo watoto ambao baada ya kujitazama hivyo mara kadhaa walianza kuzungumza darasani kweli.

Hapa rafiki yetu anayeogopa unafiki atasimama aseme: "Lakini video hiyo ni ya uongo!"

Picha ni ahadi

Ana haki ya kuuliza. Jambo lililoonyeshwa halikutokea. Mimi nasema, hata hivyo, kuwa uongo ni kutoa habari ya lililopita au lililopo kinyume na lilivyo. Video ile haimpi mtoto habari ya jana. Inamwambia jambo kuhusu kesho: sauti ni yako, maneno ni yako, mwalimu ni huyu huyu, na hili liko ndani ya uwezo wako. Vipande vyote ni vya kweli. Kisichokuwepo bado ni muungano wake, na huo ndio anaotakiwa aulete yeye.

Ninaona kitu kilicho karibu zaidi na picha ya namna hiyo ni ahadi. Mtu akisema, "Kesho nitakulipa," hajasema kweli wala hajasema uongo kuhusu leo. Amejifunga. Ahadi yake itapimwa kwa mambo mawili: alikusudia kweli alipoitamka? Na alifanya juhudi kuitimiza? Akikusudia na akajitahidi, ni mkweli hata kama kuna siku alikwama. Akiwa hakukusudia, huyo ndiye aliyetajwa miongoni mwa alama za mnafiki, kwamba akiahidi huvunja.

Ukiipokea hoja hii, mengi yanafunguka. Nia tunayoiweka usiku wa Ramadhani ni picha ya mtu aliyefunga, na mwenye nia bado yuko kitandani. Toba yenyewe, katika sharti lake la kuazimia kutorudia, ni picha ya mtu ambaye bado hajaonekana. Lau kila picha ya namna hii ingekuwa unafiki, toba isingewezekana, na hakuna mwenye dhambi ambaye angepata pa kutokea.

Basi dada yule akivaa stara leo, vazi lake si tangazo kwamba amekwisha kuwa mchamungu. Ni ahadi aliyompa Mola wake. Kijana akisimama kwenye safu, hatoi habari ya usafi wa moyo wake. Anatekeleza.

Kiigizo chetu ni Mtume

Kuna pingamizi jingine, na hili linatoka kwa watu wa elimu. Watasema, sisi tumepewa kiigizo chema, naye ni Mtume (s.a.w), kama ilivyo katika Sura ya Al-Ahzab. Vipi leo mtu ajifanye kiigizo cha nafsi yake? Hii si ndiyo ile ibada ya nafsi inayouzwa kwenye vitabu vya kutafuta mafanikio?

Pingamizi hili lina uzito na linatuwekea mpaka. Nafsi haifai kuwa kipimo. Mtu akiulizwa uungwana ni nini, asijitazame kwenye kioo kutafuta jibu. Lakini kipimo ni kitu kimoja na kuvaa ni kitu kingine. Fundi cherehani ana kipimo chake na ana kitambaa, lakini nguo ataivaa mteja, naye hujaribishwa mwilini. Upole wa Mtume (s.a.w) wengi wetu tunausikia kama habari ya mbali, ya mtu ambaye hatuthubutu kujilinganisha naye. Tunalia, tunamswalia, kisha tunarudi nyumbani kupiga kelele. Kosa si la habari. Hatujajiona sisi wenyewe, na majina yetu, ndani ya nyumba zetu za kupanga, tukifanya lile alilofanya. Mambo ya ndani ya picha yatoke kwake. Mtendaji kwenye picha awe wewe. Hapo kujiiga hakushindani na kumfuata Mtume, bali kunaufikisha mfano wake jikoni na sebuleni.

Hatari mbili

Nisije nikadhaniwa kuwa naipigia debe kila aina ya kujipiga picha. Ahadi inaweza kuharibiwa kwa njia mbili, na zote zimejaa mijini.

Ya kwanza ni kuinywa ahadi kama kileo. Mtu anajilaza, anajiona amekonda, amehifadhi juzuu kadhaa, ameacha sigara, moyo unaburudika, kisha analala. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliokuwa na matarajio makubwa kwamba wangefaulu walipungua zaidi. Lakini wale waliokuwa wakijiburudisha na ndoto tamu za kufaulu walipungua kidogo kuliko wenzao. Tofauti hiyo ni muhimu. Matarajio hukusukuma ufanye kazi, ndoto hukulipa mshahara kabla ya kazi. Wanazuoni wetu walilijua hili wakalitenga: matumaini yenye amali ndani yake wakayaita rajaa, na yasiyo na amali wakayaita tamanio tupu.

Ya pili ni kuionyesha picha kwa watu wasiohusika. Leo mtu akiamka kuswali tahajudi usiku mmoja, asubuhi jambo liko kwenye simu za jamaa wote. Mwaka 2009 Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu ambao azma yao ya kuwa watu wa namna fulani ilitambuliwa na wengine walitenda kidogo kuliko wale ambao azma yao haikujulikana. Kule kutambuliwa tu kuliwapa hisia kwamba wamekwisha kuwa watu hao. Sisi tunalo jina la maradhi haya tangu zamani, nalo ni riyaa. Hapa ndipo anayeogopa unafiki alipotakiwa kuelekeza hofu yake. Tendo jema analolifanya kabla moyo haujawa tayari halina ubaya. Ubaya uko kwenye kulitangaza ili alipwe sifa ya kazi ambayo hajaifanya.

Asubuhi sharti, usiku hesabu

Basi mtu afanyeje? Narudi kwa Ghazali, kwani katika Ihyaa upo mlango mzima kuhusu kujichunga na kujihesabu. Kabla yake alikuwepo Harith al-Muhasibi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 857, ambaye jina lake hilo limetokana na kule kujihesabu. Ghazali anaifananisha akili na mfanyabiashara, na nafsi na mshirika aliyekabidhiwa mtaji. Hakuna mfanyabiashara mwenye busara anayempa mshirika mtaji bila masharti, asimwangalie, wala asifunge hesabu jioni. Mtaji wenyewe ni umri, na ukiisha hauongezwi.

Kwa hiyo asubuhi, baada ya swala ya Alfajiri, mtu aipe nafsi yake masharti. Ghazali anamtaka ajichukulie kuwa amekwisha kufa, akaomba arudishwe duniani japo siku moja, naye akarudishwa. Na siku yenyewe ndiyo hii. Hiyo ni picha ya kutengeneza, haikutokea. Imamu hakuona kuwa ni uongo, maana mwenye kuitazama anakusudia kuifanyia kazi.

Ninapendekeza yule baba wa glasi aianze hivi. Achague jambo moja tu, si kumi. Asiseme "nitakuwa mpole," maana sentensi hiyo haina mahali pa kushikia. Aseme: "Nikifika mlangoni na kukuta jambo la kunikasirisha, nitakaa chini kabla sijasema neno." Gollwitzer, niliyemtaja, alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1999 kuwa azma iliyofungwa kwenye wakati na mahali maalumu hutekelezwa zaidi kuliko azma ya jumla. Na kule kukaa tumefundishwa katika hadithi, kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, na isipoondoka alale. Mwili unaanza, moyo unafuata.

Kisha afumbe macho dakika moja ajione: mlango ule ule, kiti kile kile, mtoto yule yule, na yeye anakaa. Kama anakumbuka siku moja aliyowahi kuwa mpole, aitumie siku hiyo, kwa sababu ni ushahidi usiopingika kuwa anaweza.

Usiku, kabla ya kulala, afunge hesabu. Hapa pana mgongano unaoonekana kati ya wanazuoni na watu wa video. Wale wa video huondoa makosa. Wanazuoni wanakutaka uyaorodheshe. Kwa maoni yangu kila moja ina saa yake. Asubuhi ni saa ya picha ya mema, kwa sababu anayeanza safari hutazama aendako. Usiku ni saa ya daftari, na daftari linaloficha hasara ni la mwizi. Asubuhi bila usiku huzaa majivuno. Usiku bila asubuhi huzaa kukata tamaa, na waumini wengi wazuri wamekwama hapo: kila siku wanajilaumu, wala hawajawahi kujiona wakiwa wazima.

Na asiwe na haraka. Philippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliochagua kila mmoja kitendo kimoja kidogo cha kurudia kila siku. Katika matokeo yaliyotoka mwaka 2009, muda wa kitendo kuwa mazoea ulikadiriwa kuwa wa kati siku 66. Wapo waliofika kwa siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji hata 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Tuzipime takwimu hizo na Ramadhani yetu ya siku 29 au 30. Tunashangaa kwa nini Shawwal ikiingia misikiti inapwaya, tukasema watu walikuwa wanafiki. Wengi wao hawakuwa wanafiki. Walikuwa ni mafundi walioacha kazi msingi ukiwa bado mbichi. Kwa mtazamo huu sita za Shawwal na funga za Jumatatu na Alhamisi zina hekima ya ziada, na tunaelewa vizuri kwa nini amali inayopendwa zaidi ni ile inayodumu hata kama ni ndogo.

Fudhayl bin Iyadh, mmoja wa wacha Mungu wa karne ya pili ya Hijria, amenukuliwa akisema kwa maana kwamba kuacha amali kwa ajili ya watu nako ni riyaa. Maneno hayo yanamrudia yule asiyeswali kwa kuogopa kuonekana anaigiza. Macho ya watu aliyotaka kuyakimbia ndiyo yaliyomzuia. Nasi tunaowazunguka tuna wajibu wetu: tukimwona mlevi wa jana amesimama safu ya mwisho leo, tusicheke wala tusimkumbushe ya jana. Ametoa ahadi mbele ya Mola wake, na mwenye ahadi husaidiwa aitimize. Tumsogezee nafasi.

Wallahu a'alam.